Madaftari ya Konokono

Wanafunzi wa sayansi walimwita Mama Faharasa, na jina lilimkaa hasa. Miaka ishirini na mmoja alikuwa mkutubi wa ghorofa ya pili ya maktaba ya chuo, kwenye vitabu na majarida ya biolojia, kemia na fizikia. Ukimtajia unachotafuta, kabla hujamaliza kusema yeye keshashika njia ya kwenda kwenye rafu. Sayansi hakuisomea. Alianza kazi pale kwa kujalidi vitabu vilivyochanika, na kwa kuwa hakuweza kushika karatasi bila kuisoma, akajikuta anajua mengi.

Asubuhi moja, mlango ndiyo kwanza umefunguliwa, akaingia binti aliyekuwa akiandika tasnifu kuhusu konokono wa maji, wale wanaoeneza kichocho. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mama, konokono wa mto huu nimewahesabu miezi kumi na minne. Sasa msimamizi wangu anauliza, wameongezeka au wamepungua? Nitajuaje? Nimepekua majarida yote ya kwenye kompyuta. Hakuna aliyewahi kuwahesabu."

"Nani kakwambia hakuna?"

Mama Faharasa akachukua funguo, wakateremka hadi stoo. Huko kulikuwa na masanduku kumi na tisa ya idara ya biolojia. Idara ilipohamia jengo jipya yalikuwa yatupwe. Yeye akayang'ang'ania, akayaandikia kadi moja moja kwa mkono, huku wenzake wakimcheka kwamba anafuga vumbi. Kwenye sanduku la saba palikuwa na madaftari ya jalada la kijani.

Binti akafunua la kwanza. Tarehe, joto la maji, idadi ya konokono. Kila mwezi, miaka tisa mfululizo, karibu miaka thelathini nyuma. Mto uleule!

"Mama!" akapiga kelele.

Mama Faharasa, ambaye kazi yake ilikuwa kunyamazisha watu, akapiga kelele kumshinda.

Lakini furaha ikaingia mchanga. Mahali pa kuhesabia paliandikwa herufi tupu: J, M, K. Ramani hakuna.

"Bila kujua alisimama wapi, hizi ni namba tu," binti akasema.

Mama Faharasa akageuza jalada. Ndani palikuwa na sahihi aliyoijua vizuri, ya fundi wa maabara aliyestaafu zamani, ambaye bado alikuja kusoma magazeti kila Jumanne. Akampigia simu palepale.

"Shikamoo, mzee. Yale madaftari yako ya konokono, J ni nini?"

Mzee akauliza polepole, "Mnayo? Si yalitupwa?"

"Ninayo mkononi."

"Msiondoke hapo. Nakuja."

Alifika anahema, shati kalifunga vifungo kombo, na kiti alichopewa hakukigusa.

"J ni jiwe, lile kubwa chini ya daraja. M ni mfereji. K ni kona, kule juu."

"Na hii alama ya X kando ya namba za siku hii?" binti akauliza.

"Aa, siku hiyo niliteleza nikatumbukia na ndoo yangu. Hizo namba msiziamini hata kidogo!"

Wakacheka mpaka machozi. Kabla ya adhuhuri walikuwa mtoni wote watatu, mzee akionyesha kwa fimbo, binti akikimbia huku na huku na kamba yake ya kupimia, Mama Faharasa kapandisha sketi, viatu mkononi, anaandika.

Walipolinganisha hesabu za mzee na za binti, jibu likajitokeza waziwazi. Kwenye jiwe, ambako zamani walijaa, sasa konokono walikuwa wa kutafuta. Lakini kwenye kona, ambako mzee aliandika sifuri miaka yote tisa, walikuwa wamejazana, na hapo ndipo watoto wa mtaa mpya uliojengwa karibu walipokuwa wakiogelea. Binti hakungoja tasnifu iishe; wiki ileile aliwapelekea watu wa afya karatasi zake, na dawa ya kichocho ikagawiwa shuleni.

Tasnifu ilipita. Chuo kikatoa mashine ya kunakili madaftari yote yaingie kwenye kompyuta, kila mtafiti ayaone. Mzee sasa huja kila siku kusaidia kusoma miandiko mibaya. Mume wa Mama Faharasa hulalamika kwamba mezani pake haliliwi tonge bila konokono kutajwa.

"Konokono tumemaliza," mkewe alimwambia juzi, macho yanang'aa. "Kesho tunafungua sanduku la popo!"