Tarehe Ambayo Hidaya Hakuisoma

Uthmani alikuwa fundi saa mjini Gitega, Burundi. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa, na la kulia lilikuwa likififia, daktari alipomwambia ana presha ya macho na anahitaji kupasuliwa. Ilikuwa mwaka 2000, vita bado vinaendelea, na upasuaji wa namna ile hakujua wa kuufanya hapa nchini. Akaandikisha barua kwa hospitali moja ya macho Tanzania.

Maandalizi yote yalimwangukia Hidaya, bintiye. Alihangaikia hati za kusafiria, akampa dereva wa lori ile barua aifikishe Muyinga kwa shangazi Riziki, naye Riziki akaivusha mpaka wa Kobero kwa mkono wa mfanyabiashara. Uthmani alinunua hata koti, maana aliambiwa huko kuna baridi.

Jibu lilifika baada ya wiki tano, na Hidaya ndiye aliyelifungua, maana Uthmani hakuweza tena kusoma.

“Bon, haya, wanasema nini?” aliuliza Uthmani.

Barua ilisema mgonjwa kutoka nje aje na hati zake na mtu wa kumsindikiza, wajiandae kukaa wiki tatu. Chini yake iliandikwa: afike kabla ya tarehe ishirini Juni, la sivyo jicho hatutaweza kuliokoa.

Hidaya alikuwa mjane. Mumewe, Mustafa, aliuawa mwaka uliotangulia katika basi lililoviziwa kwenye barabara ya Muyinga, ile ile ya kwenda mpakani. Na wiki ile ile ya barua, gari lingine lilikuwa limechomwa huko.

“Wanasema tungoje,” alijibu. “Watatuita nafasi ikipatikana.”

“Hawakuweka siku?”

“Hawakuweka, Baba.”

“Sawa. Tutangoja.”

Alikusudia kuficha tarehe ile wiki mbili tu, barabara itulie. Lakini kila msafara wa magari yenye kusindikizwa na askari ulipopangwa alikosa ujasiri, na Juni ikapita. Baba yake alianza kumwaga chai nje ya kikombe. Mwezi wa Novemba, safari zilipokuwa na nafuu kidogo, ndipo aliposema wameitwa.

Walilala Muyinga kwa Riziki, kesho yake wakavuka Kobero. Huko hospitalini daktari alimulika jicho, akafungua faili.

“Mzee, mbona mmechelewa hivi? Tuliwaandikia mfike kabla ya tarehe ishirini Juni. Sasa kupasua hakutasaidia kitu.”

Uthmani alishukuru, akashikwa mkono hadi kwenye benchi la nje. Akamgeukia bintiye.

“Tarehe hiyo ilikuwa ndani ya barua?”

“Ilikuwa, Baba. Niliogopa barabara.”

“Hata mi nilikuwa naogopa. Lakini we ungenisomea tu, Hidaya. Jicho ni langu, na kuogopa ningeogopa mi mwenyewe.”

Hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipofariki, miaka tisa baadaye. Hidaya alimpikia, akamfulia, akamwongoza msikitini kila Ijumaa, na mara nyingi alitamani baba yake amgombeze walau siku moja.

Shangazi Riziki humwambia aache kujitesa, kwani Juni ile watu waliuawa tena njiani. Ni kweli, waliuawa. Lakini Hidaya anamjua mama mmoja wa Bukirasazi aliyepita barabara hiyo hiyo, Juni hiyo hiyo, akapasuliwa jicho, akarudi. Hukutana naye sokoni, mama huyo akichambua mchele kwa macho yake mwenyewe.