Nguo Nyeusi ya Mama Ukutani Homa Bay

Baba alipofariki nilishindwa kukaa. Sisemi kukaa nyumbani, nasema kukaa kitako kwenye kiti. Nafundisha kemia katika shule ya wasichana hapa Suna, na muhula ule nilifundisha nikizunguka darasani mpaka wanafunzi wa mbele wakawa wanageuza shingo kama watu wanaotazama mpira. Saa ya chakula cha mchana ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Walimu wenzangu walikula githeri na kuzungumza habari za mishahara na mvua, nami nikiona kuta za chumba zikinisogelea. Nikaanza kutoka na kamera.

Kamera yenyewe ilikuwa kuukuu. Niliachiwa na rafiki aliyehamia Kisumu, ambaye alikuwa amempa fundi aiondolee kile kioo chembamba cha ndani kinachozuia mwanga wa infraredi. Huo ni mwanga ulio jirani na wekundu, ila macho yetu hayauoni. Majani mabichi huurudisha kwa wingi, kwa hiyo katika picha mti hutoka mweupe kana kwamba umemwagiwa unga. Anga hutoka jeusi, na maji pia. Jua la utosini, ambalo wapiga picha wengine hulikimbia, ndilo linalofaa. Basi saa ile ile niliyoshindwa kuivumilia chumbani ikawa saa yangu ya kutembea.

Watu hawakunielewa. Mwanamke mwenye stendi ya miguu mitatu barabarani adhuhuri, kwa wengi, ni mtu wa kupima ardhi. Pale Suna mwenye kibanda cha mboga alirudisha nyuma kivuli chake cha mabati, akidhani barabara itapanuliwa. Siku moja ya likizo nilikuwa bonde la Lambwe, na mume na mke waliacha majembe yao wakaja mpaka niliposimama.

"Wewe ni wa ofisi ya ardhi?" mume akauliza.

"Hapana. Napiga picha tu."

"Picha ya nini?"

"Ya mahindi yenu."

Wakatazamana. "Mahindi yana shida gani?" mke akauliza.

Nikawaonyesha picha. Walitazama shamba lao likiwa jeupe chini ya anga jeusi, na mke akasema, polepole, kwamba nisimwonyeshe mama mkwe wake, atasema shamba limerogwa.

Mama yangu nilimpiga picha mwezi wa tano, nyuma ya nyumba yetu, akipalilia. Alikuwa amevaa nguo yake nyeusi. Tangu tumzike baba alikuwa haivui. Alikuwa na mbili zilizofanana, moja ikifuliwa nyingine anayo mwilini. Si kwamba kanisa lilimlazimisha. Aliamua mwenyewe kwamba ataivaa mpaka siku ya ukumbusho wa baba, na akaivaa sokoni, kanisani, shambani, hata kliniki ya presha. Akina mama wa kanisa walimheshimu kwa hilo, naye alijua kwamba wanamheshimu.

"Nisimame vipi?" aliniuliza kwa Dholuo, lugha tunayozungumza nyumbani.

"Usisimame. Endelea na kazi."

Aliendelea. Nilipiga, kisha akainua uso kunitazama, nikapiga tena. Nilijaribu kumwonyesha kwenye kioo cha kamera, lakini jua lilikuwa kali na miwani yake ilikuwa ndani. Akasema ni sawa, akarudi kwenye mstari wake.

Jioni nilipoifungua picha kwenye kompyuta nilisimama. Mahindi yalikuwa meupe pande zote, na mama katikati yao, uso wake umelainika, hauna mikunjo, macho yake meusi tii. Na ile nguo ilikuwa nyeupe. Vitambaa vingi vya dukani ni vyeusi kwa macho yetu tu; kwenye mwanga ule rangi yake haizuii kitu. Nililijua hilo kama mwalimu wa kemia anavyolijua. Niliona picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na nikatembea chumbani kutoka mlangoni hadi dirishani, nikirudia, mpaka giza likaingia.

Mwaka huo huo mtu mmoja alifungua ukumbi wa picha Homa Bay, kando ya ziwa. Zamani lilikuwa ghala la barafu na samaki, kuta za vigae vyeupe, na siku ya joto harufu ya mbuta ilikuwa bado inatoka sakafuni. Yeye mwenyewe aliuita galari. Mwalimu mwenzangu alimwonyesha picha zangu kwenye simu, naye akanipigia akitaka nimletee zote. Akachagua za Lambwe, za mto, za miwa, na ile ya mama. Ya mama aliichapisha kubwa kuliko nyingine, akaitumia kwenye bango la mlangoni.

Alasiri ya kufungua sikuweza kutulia ndani. Nilitoka, nikaingia, nikatoka. Niliwasalimu watu ambao nilikuwa nimeshawasalimu. Mwenye galari alinishika bega akasema, "Madam, si ukae kidogo?" Nikamwambia nitakaa, nikatoka tena. Ndipo nikamwona mama akija na wenzake wawili wa kanisa, wote wamevaa vizuri, mama na nguo yake nyeusi imepigwa pasi.

Waliingia kwa adabu kama watu wanaoingia hospitalini kumwona mgonjwa. Walipita picha za mto. Walipofika kwenye ile kubwa, mama akasimama.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mama. Siku ile ya palizi."

Akasogea karibu, akavaa miwani. Alitazama uso kwa muda mfupi tu. Kisha akashuka na macho mpaka kwenye nguo, akabaki hapo.

"Hii si nguo yangu," akasema.

Mmoja wa wale wenzake, bila ubaya wowote, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Kumbe nyumbani huwa unaiweka kando kidogo, Mama Mwalimu?"

Mama aligeuka akatoka nje, mwendo wa kawaida, mkoba mkononi. Nilimkuta upande wa ziwa, kwenye ukuta mfupi, mbele yake wanawake wakigeuza dagaa wa omena waliowaanika juu ya nyavu.

"Nimemvalia baba yako mpaka nguo imeisha kwapani," akasema. "Nimeivaa kwa jua, nimeivaa kwa mvua. Wewe umenivua kwa picha moja, mbele ya watu wa Homa Bay."

Nilimweleza. Nilitumia maneno ninayotumia darasani, kisha nikaona jinsi yanavyosikika, nikatafuta mengine. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kamera yako haioni nyeusi?"

"Inaona. Lakini weusi wa kitambaa hiki, kwa mwanga ule, ni weupe."

"Basi mwanga huo ni mwongo."

"Si mwongo, Mama."

"Basi mimi ndiye mwongo?"

Miguu yangu ilitaka kwenda na sikujua niende wapi, kwa hiyo nilirudi ndani, moja kwa moja hadi kwenye ile picha, nikaishika fremu kuiondoa. Watu waliokuwa karibu wakasogea. Mwenye galari akaja haraka.

"Madam, hiyo ndiyo iko kwenye bango."

"Bango nitalitoa pia."

"Tuongee kwanza."

"Hakuna la kuongea. Mwenyewe hataki."

"Wacha," sauti ikasema. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alizungumza Kiswahili, ili yule bwana naye aelewe. "Wewe, wacha hiyo picha. Ukitoa sasa watasema nimeona haya. Iache hapo. Lakini usitoke. Kila mtu akisimama hapo, mwambie hiyo nguo ilikuwa nyeusi."

"Kila mtu?"

"Kila mtu."

Ndivyo mimi, niliyeshindwa kukaa hata kwa dakika za githeri, nilivyopewa kazi ya kusimama mahali pamoja. Shule zilikuwa zimefungwa. Kila asubuhi nilifika kabla ya mlango kufunguliwa, nikasimama kando ya picha ya mama. Mtu akija, nasema: huyu ni mama yangu, hii nguo ni nyeusi, amemvalia baba yangu. Wengine walitikisa kichwa wakaenda. Kijana mmoja aliniuliza kama ile ni theluji. Wanafunzi wa chuo kule Rongo walitaka kujua bei ya kamera. Mgeni mmoja aliyetoka Nairobi alinisikiliza, akaniambia kwa upole kwamba maelezo yangu yanaiharibu picha, kwamba ingekuwa bora watu waachwe waone wenyewe. Inawezekana alisema kweli. Nyuma yake alikuja mwanamke na mtoto mgongoni, nikamwambia vile vile: hii nguo ni nyeusi.

Vidole vya miguu viliniuma. Nilihama kutoka mguu huu hadi ule. Nilihesabu vigae. Kuna nyakati nilimkasirikia mama, nyakati nyingine nilimkasirikia baba kwa kufa, na kwa mara ya kwanza sikuwa na pa kuikimbizia hasira hiyo. Ilikuja, ikakaa nami pale ukutani, nikaendelea kusema habari za nguo. Siku moja, katikati ya sentensi, nilipofika kwenye neno "baba", nililia. Mzee mmoja wa idara ya uvuvi aliyekuwa akinisikiliza alivua kofia, akangoja nimalize, kisha akaniomba niendelee.

Jumamosi ya mwisho mama alikuja bila kuniambia. Alikuja peke yake, na nguo yake, akamwomba mwenye galari kiti, akakaa upande wa pili wa picha. Nilifungua mdomo kuwaeleza watu wa kwanza, akanyoosha mkono kunizuia.

"Hii nguo ndio hiyo," aliwaambia, akikamata sketi yake. "Shika. Ni nyeusi. Huyu mtoto yangu ako na kamera ya ajabu."

Watu walishika kweli. Walimtazama yeye, wakatazama picha, wakacheka kidogo, naye hakukataza. Msichana mmoja akamwambia, "Mama, kwa picha unakaa kama malaika."

"Malaika hapalilii mahindi," mama akajibu, bila kutabasamu.

Mchana akaja mwanamke wa umri wangu, naye amevaa nyeusi. Hakuangalia picha nyingine. Alisimama mbele ya mama, wakasalimiana kwa Dholuo, na mwanamke akauliza kama uzito unapungua. Mama akasema nguo haipungui uzito, ila mtu anaizoea. Akamsogezea nusu ya kiti. Walikaa pale wakizungumza habari za watoto na karo na kisima kilichokauka, na wageni wakawa wanawapita pole pole kana kwamba nao ni sehemu ya maonyesho. Mimi nilitoka nje nikanunua mandazi, nikawaletea.

Kabla ya ukumbusho mama aliniomba nimpige picha ya kawaida, ya rangi, amevaa nyeusi, ili watu waione nyeusi. Alisimama mlangoni kwetu wima kama askari. Nilipiga nikiwa nasogea, kwa hiyo haikutoka safi, lakini aliipenda akaitundika sebuleni pembeni ya picha ya baba. Ile kubwa hakuitaka humo ndani. Alisema baba angeiona angeuliza mgeni huyu ametoka wapi. Iko kwangu, imeegemea ukuta wa chumba cha kulala. Siku ya ukumbusho aliivua ile nguo baada ya ibada, akavaa ya kijani yenye maua ambayo dada yangu alimshonea, na kwa wiki kadhaa alikuwa akijitazama mikono kama mtu aliyeazima nguo ya mwenzake.

Mimi bado sikai. Chumba cha walimu nakivumilia kidogo zaidi kuliko zamani, kisha natoka. Juzi nilikuwa Rongo, kwenye miwa, jua kali, stendi imesimama tayari ila wingu dogo lilikuwa limeziba jua pale niliposimama, nalingoja lipite, simu ikalia.

"Uko wapi kwa jua hili?" mama akauliza.

"Rongo."

"Umekula?"

"Bado, Mama."

"Haya, piga hiyo picha ule," akasema, akakata. Wingu lilikuwa halijaondoka. Nikaibeba stendi begani, nikaanza kutembea kando ya miwa kwenda pale jua lilipokuwa.