Siku Mbili za Maziwa kwenye Macho ya Modisa

Saa kumi na mbili asubuhi, zizini wapo watu watatu na mbwa mmoja: Ketlogetswe Mothibi, mchungaji wa miaka 52, Rra Dikole, mzee mwenye mbuzi, Mma Tiro, msaidizi wa daktari wa mifugo, na mbwa Modisa, aliyeketi akiuelekea ua wa miiba.

Mma Tiro anaangusha kipande cha pamba mbele ya uso wa mbwa. Modisa hapepesi. Mboni zake zimetanuka, ingawa jua limeshachomoza.

"Ameanza lini kutoona?"

"Juzi jioni," anajibu Ketlogetswe kwa sauti ya chini. "Alijigonga kwenye birika la kunyweshea mbuzi analolijua tangu utotoni. Nikasema swila kamtemea. Nikamwosha kwa maziwa. Jana nikamwosha tena."

Ndivyo afanyavyo kila mchungaji wa jangwa la Kgalagadi, Botswana.

"Sumu ya swila ingemvimbisha kope, mma," anasema Mma Tiro. "Hizi ni safi. Tatizo liko ndani. Ikiwa ni mshipa wa jicho umevimba, sindano za mapema huweza kumsaidia. Ikiwa ni utando wa nyuma umekufa, hakuna dawa. Vipimo viko mjini."

"Nimlete kesho?"

"Siku mbili zimeshapotea."

Ketlogetswe anajifuta viganja kwenye sketi, mara ya tatu sasa. Amechunga hapa miaka kumi na tisa, kwa mshahara wa pula 1,100 kwa mwezi. Msimu mmoja, kabla ya Modisa, bweha walibeba wanambuzi kumi na wanne. Ndipo akamnyonyesha mbwa huyu, akiwa mchanga, kwa mbuzi jike, akamlaza zizini. Tangu hapo wamepotea wawili tu.

"Mbwa hawakosekani," asema Rra Dikole. "Kwa shemeji yangu wamezaliwa sita. Kachague."

"Miwani yako ilipovunjika, Rra, tulichagua mzee mwingine?"

Mma Tiro anakohoa kuficha kicheko, kisha anatazama saa. Gari lake linarudi mjini sasa hivi.

"Na asipoona tena?" anauliza mzee.

"Nitamvisha kengele yule mbuzi aliyemnyonyesha. Modisa atamfuata. Lakini sitaki kuanza na kengele."

"Na mbuzi themanini na sita, leo nani atawatoa?"

Ketlogetswe anambeba mbwa mikononi, anampakia garini. Anarudi, anaichukua fimbo yake iliyoegemezwa uani na kumkabidhi mzee.

"Wewe, Rra. Usiwapitishe kwenye kisima cha zamani, bweha wako huko. Mimi na Modisa tunakwenda mjini."