Maua ya Mkono wa Birika

Tsanko Gerov alikuwa mkono wa birika, na mji mzima wa Karlovo ulijua. Alizima taa mkewe angali chumbani. Kipande cha sabuni alikikata vipande vitatu, viwili akaficha juu ya kabati. Tangu harusi yao alimwahidi Donka kwamba watakwenda mji mkubwa wa Plovdiv, watembee kutwa kama watu wenye nafasi na kula kwenye mkahawa wenye vitambaa vyeupe mezani, na kila mwaka safari ikawa ya mwakani. Kwa hiyo asubuhi ile ya Septemba, alipomwona anakata tiketi za treni bila kunung'unika, Donka alishika kiuno.

"Wewe Tsanko, umeokota hela au umeua mtu?"

"Mwanamke, usipopewa kelele, ukipewa kelele. Kaa dirishani, treni inaondoka."

Wiki iliyopita daktari alikuwa amemwita Tsanko pembeni, koridoni, maana kule kwao habari mbaya hupewa jamaa, haipewi mgonjwa. Donka alibaki ndani akifunga vifungo vya blauzi. Ini limekwisha, daktari akasema. Dawa hakuna. Huenda akaiona theluji ya kwanza, huenda asiione. Tsanko akarudi chumbani, akasema ni vidonda vya tumbo.

Alikuwa na sababu ya kusema uongo. Ginka, dada yake Donka, alikuwa akipalilia nyanya zake vizuri tu mpaka siku alipoambiwa ugonjwa wake. Jioni ile akapanda kitandani, hakushuka tena. Tsanko aliapa kwamba mkewe hatakufa hivyo, kwa hofu kabla ya ugonjwa. Siku zilizobaki azile kwa raha, bila kujua. Zaidi ya hapo hakuwa na la kumfanyia.

Huko Plovdiv walipanda vichochoro vya mawe vya mji wa kale, polepole, Donka akisingizia viatu. Kwenye ukumbi wa Warumi, ule usio na paa, alipepesuka kidogo, akaketi kwenye ngazi za marumaru, akacheka.

"Hawa Warumi walikuwa na makalio ya chuma. Kutwa nzima juu ya jiwe, na bila mto!"

"Nikakununulie mto?"

"Mto?" Donka alimkodolea macho. "Wewe?"

Akamnunulia. Akamnunulia na aiskrimu, na kitambaa cha shingo alichokigusa mara moja tu dukani. Alipouliza bei, Tsanko akamwambia asiulize. Maskini, hakujua kwamba ukarimu wake ndio uliokuwa unamchongea. Donka alicheka siku nzima, lakini kila akimaliza kucheka alimtazama mumewe kwa kuibia.

Mchana, kwenye barabara kuu, alichoka, wakakaa kwenye benchi. Ng'ambo palikuwa na mwanamke anayeuza maua kwenye ndoo. Donka alichuma waridi tangu usichana wake, alfajiri, magunia kwa magunia ya kiwanda cha mafuta ya manukato, mpaka miiba ikamfanya vidole vigumu kama kwato. Lakini kupewa waridi na mtu, hata moja, alikuwa hajawahi. Tsanko alilifikiria hilo na aibu ikamshika. Akavuka barabara. Hakumwachia muuzaji achague, asije akabambikiwa yaliyonyauka. Aliinama mwenyewe juu ya ndoo, akachomoa waridi moja moja, akalipa, akarudi kifua mbele.

"Haya, shika. Usiseme sijakupa kitu."

Donka aliyapokea. Aliyakumbatia kifuani mpaka mkahawani, bila kumtania.

Mkahawa ulikuwa na vitambaa vyeupe kweli. Wakaletewa supu ya baridi ya mtindi na matango, nyama ya chunguni, na glasi ndogo ya rakia, pombe yao kali ya matunda, kwa Tsanko. Mhudumu akaleta chombo cha maji kwa ajili ya maua. Donka akaanza kuyapanga, moja baada ya jingine, kama mtu aliyeyashika maisha yake yote. Alipoweka la mwisho, mkono ukabaki hewani.

Yalikuwa sita.

Kule kwao aliye hai hupewa matatu, matano, saba. Mawili, manne, sita ni ya kaburini, na hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Tsanko naye aliyaona sasa, akaweka kijiko chini. Katika maisha yake maua aliyonunua yalikuwa ya makaburi tu: la mama yake, la Ginka, la majirani. Mkono ulifanya kile ulichozoea.

"Muuzaji kakosea," alisema, akiinuka. "Ngoja nikarudishe moja."

"Kaa chini. Uliyachagua mwenyewe, nilikuona."

Akakaa.

"Daktari alisema mpaka lini?"

Tsanko alitazama supu yake. Alitafuta uongo wa pili, akaukosa. "Theluji," alisema. "Labda."

 Donka uso ulimporomoka, akazeeka hapo hapo, na Tsanko akamwona Ginka ameketi mbele yake. Hofu ile aliyoapa kumkinga nayo ilikuwa imeingia, tena kwa mkono wake mwenyewe.

"Ungeniacha nimalize kula kwanza," Donka alisema. Akaisukuma mbali sahani yake.

"Donka, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mto umenunua, kitambaa umenunua." Akayavuta maua karibu, yote sita, akayanusa. "Yakaushe haya. Yafunge vizuri, uyaweke juu ya kabati na sabuni zako. Siku ikifika uniletee haya haya. Ya nini kulipa mara mbili?"

Na Tsanko, Mungu amwonee huruma, alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kisha akafunika uso kwa kitambaa cheupe cha meza, na mhudumu akageuka akaenda zake jikoni.

Kwenye treni ya kurudi Tsanko ndiye aliyeyabeba maua, mapajani, yamefungwa kwenye gazeti. Donka alilaza kichwa dirishani, mto wa Plovdiv shingoni, na tangu stesheni mpaka Karlovo, ingawa hakulala, hakufumbua macho kuangalia nje.