Kompyuta Iliyokumbuka Neno la Zamani

Nimepita majengo mengi nikitengeneza mabenchi, lakini fundi kompyuta kama yule dada wa kituo cha afya sijamwona tena. Walimwita Mama Ijumaa. Kila Ijumaa aliwainua watumishi vitini, akawazungusha kwenye kompyuta zote, kila mtu aandike jina na neno lake la siri.

"Ziwazoee," alisema. "Anayewajua nyote ni mashine kuu, iko mbali. Hizi ndogo huiuliza, kisha huweka jibu akiba. Siku waya ukikatika, kompyuta itamfungulia yule tu iliyewahi kumwona."

"Tunatambulishwa kama wachumba!" mkunga mkuu akacheka. Huyo mama, mdomo wake haukujua likizo. Lakini alizunguka.

Jumatano moja wachimba barabara wakakata waya. Wakati uleule mzazi mmoja, aliyekuwa katika uchungu, alihitaji kuongezewa damu haraka. Damu ipo, ila kundi la damu la huyo mzazi limeandikwa kwenye kompyuta ya maabara, na bwana wa maabara kaenda kung'oa jino. Mkunga akakimbilia huko, Mama Ijumaa nyuma yake, nami nyuma yao na nyundo mkononi, sijui ya kazi gani.

Mkunga akaandika. Ikagoma. Akaandika tena. Ikagoma.

"Mwanangu, hii imenikana!"

"Shangazi, neno la siri umelibadilisha?"

"Jana."

"Basi hii haijapata habari. Weka la Ijumaa iliyopita."

Mkunga akatutazama, jasho linamtoka. "Geukeni ukutani."

Tukageuka. Sasa yule mama alikuwa na tabia moja: hawezi kuandika bila kutamka. Tukasikia, polepole, herufi kwa herufi: *mpishi wangu*.

Ikafunguka.

Hapo kituoni mpishi alikuwa mmoja tu, mjane mpole, na juzi yake walikuwa wamenuniana kwa ajili ya uji ulioungua. Nilitazama ukuta kwa bidii kubwa.

"Shangazi," Mama Ijumaa akasema bila kugeuka, "kompyuta haina kinyongo, eh?"

"Nyamaza, lete damu!"

Kabla ya adhuhuri mtoto alilia, mama yake akatabasamu, na mpishi akaletewa salamu kwamba uji wake, kwa kweli, haukuungua sana.

Ijumaa mkunga ndiye aliyewahi wa kwanza kuzunguka. Alikuwa amebadilisha tena neno lake. Nilikuwa napigilia msumari mlangoni, nikamsikia anatamka.

Lilikuwa lile la zamani.