Nilikonda, Sikupata Nguvu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikikaa peke yangu hunijia na sauti zake zote. Ilikuwa Jumapili asubuhi, nyumbani kwa mamangu, ghorofani, Kibokoni. Nilikuwa jikoni nakanda unga wa mahamri, mara nikasikia kishindo bafuni, kisha ndoo ikibingirika. Nikaenda mbio na mikono yangu ya unga. Mamangu alikuwa chini, mguu mmoja umekunjika chini yake, kanga imerowa chapachapa. Hakulia. Alisema tu, "Nishike, Zuena. Niinue."

Nikamshika, nikavuta. Nikashindwa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, ili ujue aibu yangu ilitoka wapi. Miezi kadhaa kabla ya siku hiyo mamangu alikuwa amepatwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukawa mzito. Mimi nilikuwa na miaka thelathini, karani katika afisi moja ya usafirishaji kule Shimanzi, kutwa nimekaa kitini, mgongo umepinda kama mkunjo wa jamvi. Aliyekuwa akimnyoosha viungo pale hospitali aliniambia wazi: "Dada, huyu mama atahitaji mtu wa kumwinua na kumkalisha. Jitie nguvu wewe kwanza, la sivyo mtalala wawili." Nikaitika. Nikasema nitatafuta mahali pa mazoezi.

Na nilitafuta kweli. Lakini binamu yangu Salma alikuwa aolewe baada ya Ramadhani, naye alikuwa amejiandikisha katika studio mpya mjini, ghorofani juu ya maduka. Akanichukua. Ah, mwanangu, pale mahali palikuwa pazuri! Vioo ukuta mzima, taa za rangi, maji ya ndimu kwenye birika la kigae, muziki wa kukufanya usahau umekuja kufanya nini. Nami nilisahau. Niliingia na haja ya mgongo, nikatoka na haja ya kiuno.

Mwalimu wa pale hakuniuliza neno. Tuliruka, tukacheza, tukatoka jasho, na nyumbani nikawa nala kama ndege. Baada ya wiki kadhaa fundi alinipunguzia nguo zangu mbavuni. Siku ya harusi wanawake walinizunguka, "Mashallah, Zuena, umekuwa msichana tena!" Nikavimba kichwa kwa sifa zile. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi ndiye niliyekuwa mkakasi.

Sasa turudi bafuni. Nilivuta mara ya pili, kitu kikanikata kiunoni, nami nikaketi pale pale kwenye maji, ubavuni mwa mamangu. Mwili wote mwembamba ule, na hauna kazi. Nikapiga kelele dirishani kumwita jirani yetu, Bi Fatma. Alikuja na mabinti zake wawili, wakamwinua mama kwa hesabu ya moja mbili tatu, wakamlaza kitandani. Alhamdulillahi hakuvunjika mfupa.

Jioni ile mamangu aliniita. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kukokota maneno, lakini akili ilikuwa kali kama siku zote.

"Zuena, ulipokwenda kule kwenye mazoezi, ulikwenda kutafuta nini?"

"Nguvu, mama."

"Na ulipofika, uliomba nini?"

Nikajishika kiuno changu chembamba.

"Anayekwenda sokoni bila kukumbuka alichotumwa," akasema, "hurudi na kilichompendeza macho. Sikugombezi. Lakini mimi bado ni mzito vile vile."

Maneno yale yalinichoma kuliko kiuno. Aliyasema polepole, bila hasira, huku akinipangusa machozi kwa mkono wake mmoja uliokuwa bado unamtii.

Mgongo ulipotulia nikaanza kutafuta upya, na safari hii kwa kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Niliingia mahali pamoja nikamwambia mwenye pale, "Nataka niweze kumwinua mtu mzima kitandani." Akacheka, akanionyesha picha za watu waliokonda. Nikamshukuru, nikatoka. Mahali pengine niliomba nikae nitazame tu darasa moja. Wakakataa. Hapo pia nikatoka.

Mwisho nilifika Tononoka, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la mshonaji. Mikeka, vyuma vichache, viroba vya mchanga, na feni moja inayolia. Mwenyewe alikuwa mwanamke kutoka Kaloleni, Mwalimu Kadzo, aliyewahi kufanya kazi ya kuhudumia wagonjwa. Nilipomwambia haja yangu hakucheka. Alivuta kiti akaketi nami.

"Kazi yako ni ya kukaa au kusimama? Umewahi kuumia wapi? Na mama, ana uzito gani, na huinuka upande upi?"

Kisha akaniambia niketi kwenye kigoda niinuke bila kushika kitu. Niliinuka nikiyumba kama mtoto anayeanza kutembea. Akatikisa kichwa. "Basi tutaanzia hapa."

Tulikuwa watu sita tu, kila mmoja na jambo lake. Alikuwako dereva wa lori mwenye bega bovu, alikuwako msichana aliyekuwa akijitayarisha kujiunga na polisi. Mwalimu Kadzo alituita kwa majina, na hakumpa mmoja zoezi la mwingine. Mimi alinifundisha kuchuchumaa. Wiki nzima kuchuchumaa! Nilipolalamika alinitazama akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, dada, na mamako ndiye wa mvunguni." Kisha kiroba cha mchanga kitini: kikumbatie, kisogeze kifuani, inuka kwa miguu, mgongo usibebe mzigo. Kila jioni nikitoka Shimanzi nilikwenda kwake kwa miguu kati ya malori, vumbi limenijaa buibui, na moyo wangu mweupe.

Mwezi wa nne wa mazoezi yale mamangu alisema anataka kushuka akaketi barazani. Tangu atoke hospitali hakuwa ameshuka. Nilimkumbatia kama nilivyofundishwa, nikainuka, naye akainuka nami. Tukashuka ngazi zile zenye mwinamo mkali, moja moja, tukipumzika kila kona. Alipoketi nje, mwuza kahawa alisimama, akampa salamu ndefu ya kizamani, ya kuuliza hali ya kila mtu na kila kitu. Mama akacheka. Mwanangu, kicheko kile ninakisikia hadi sasa. Aliishi miaka miwili zaidi, na mara nyingi alasiri alikuwa pale barazani.

Nisije nikamdhulumu mtu: ile studio ya vioo haikuwa mbaya. Salma hajaiacha mpaka leo, ana furaha na afya, kwa sababu alichokitaka ndicho walichokuwa nacho. Kosa lilikuwa langu.

Basi nawe, unayeniletea picha za studio kwenye simu ukiniuliza ipi nzuri, mimi sijui. Jiulize kwanza unataka mwili wako uweze kufanya nini. Litamke kwa maneno mafupi, na uyashike maneno hayo unapopanda ngazi za watu. Omba kutazama kabla ya kujiandikisha. Muangalie mwalimu: je, anakuuliza, au anakuambia tu? Sema maumivu yako bila kuona haya. Angalia pia kama ni njiani mwako, kwa maana mahali pazuri usipopafikia hapakufai kitu. Na ukiona umekosea, toka mapema; sifa za watu zisikufunge mguu.

Mwenyezi Mungu akupe afya iliyotulia, akukutanishe na mwalimu mwenye masikio, na awajaalie wa nyumbani kwako waione mikono yako kuwa ni rehema. Amin.