Jongoo Mwenye Jina la Ukoo Wetu

Katika misitu ya Mlima Meru kuna jongoo anayeitwa kwa jina la ukoo wetu. Mtu akinipongeza kwa hilo, kama ni mzee nampa shikamoo napita. Kama ni rika langu namwambia aniondokee.

Zilikuwa enzi za ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari, nimepanga chumba Kaloleni, mjini Arusha, na chini ya dirisha langu watu waliuza mitumba, redio na sabuni za kila rangi. Kila kitu kiliingia nchini isipokuwa majarida ya kitaalamu. Maktaba niliyoitegemea ilikuwa imeacha kuyapokea zamani, na aliyetaka kujua wenzake duniani wameandika nini ilibidi amwombe mgeni. Nami niliomba sana, mpaka nikazoea kuomba.

Jongoo nilimpata mwenyewe, likizo, kwenye shamba la baba upande wa magharibi wa mlima, pale migomba inapoishia na msitu unapoanza. Alikuwa chini ya gogo lililooza, mweusi, ana mstari mwekundu mgongoni. Nilipekua maandishi miaka minne kabla ya kuamini kwamba hakuna aliyewahi kumwandika. Jongoo hatambulikani kwa rangi wala kwa ukubwa. Anatambulikana kwa miguu ya uzazi ya dume, iliyofichwa kwenye pingili ya saba, midogo kuliko punje ya mtama. Jike hasaidii kitu. Ukiwa na majike mia na huna dume, huna la kuandika.

Nilikuwa na madume sita. Niliwahifadhi kwenye vichupa vya dawa vyenye spiriti, na ndani ya kila kichupa karatasi iliyoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, jina langu. Mswada nilikuwa nao tayari, pamoja na jina nililomchagulia. Jina hilo sitalitaja hapa, limeshakufa. Nilichokosa ni michoro, kwa sababu lenzi ya hadubini ya shule ilikuwa imeota ukungu.

Ndipo akaja mtafiti mmoja mgeni, akapanga nyumba ya ukuta na geti Njiro. Hadubini yake ilikuwa mezani kwenye sebule, inang'aa. Alisoma mswada wangu wote akiwa amesimama, akasema atanichorea, tutaandika sote wawili, jina langu litatangulia. Nikampeleka mpaka shambani, baba akamchinjia mbuzi. Tuliporudi mjini nikampa madume yote sita, mimi nikabaki na majike.

Watu wamenicheka kwa hilo, na wana haki. Lakini kwetu mgeni hapewi nusu. Mgeni anapewa kipande kizuri, wenyeji wanakula kilichobaki, na ukimbania unaaibisha nyumba nzima. Nililelewa hivyo, nikagawa jongoo kama nyama. Nimejichukia kwa ajili ya siku ile kuliko ninavyomchukia yeye, na yeye namchukia vya kutosha.

Mkataba wa nyumba yake ulipoisha akaondoka na vichupa "kwa muda tu". Niliandika barua, akajibu kwamba michoro bado. Niliandika tena, hakujibu. Baada ya mwaka na zaidi akarudi Arusha kwa wiki moja, akaja nyumbani kwa baba na makala iliyochapwa, ameifunga kwa utepe kama zawadi ya harusi. Mwandishi alikuwa mmoja, yeye. Jina la jongoo lilikuwa la ukoo wetu, limetiwa mkia wa Kilatini.

Katika kazi hii jina la kwanza kuchapwa ndilo jina, hata kama mwingine alilifikiria kabla. Na kuna mwiko: mtaalamu hampi kiumbe jina lake mwenyewe. Kwa hiyo kila atakayesoma makala ile atajua bila kuambiwa kwamba hakuna mtu wa ukoo wetu aliyeiandika. Aliniziba mdomo kwa heshima.

Baba hakujua lolote kati ya hayo. Alivaa koti lake la kanisani, akaita majirani, akasimama kumshukuru mgeni. Mgeni hakujua Kiswahili, baba hakujua Kiingereza. Mkalimani nilikuwa mimi.

"Mwambie ameuheshimisha ukoo wetu," baba alisema. "Sisi wote tukifa, jina litabaki."

Nikatafsiri. Mgeni akaweka mkono kifuani. Majirani wakapiga makofi.

Baba akaichukua makala, akaifungua ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta. "Mwanangu, mbona hapa naona jina la ukoo tu? Wewe umeandikwa wapi?"

Nikamsomea sehemu inayoeleza jina, nikiigeuza Kiswahili: "Limetolewa kwa heshima ya familia ya wakulima ambayo jongoo huyu alikutwa shambani mwao."

"Alikutwa na nani?"

"Haikuandikwa, baba."

Baba aliikunja makala taratibu. "Mwulize. Ukoo mzima ameujua, na huyu aliyempeleka kwenye gogo hakumjua?"

Hilo nililitafsiri neno kwa neno, kwa sauti ambayo hata majirani waliielewa. Uso wa mgeni ukawa mwekundu. Alisema ulikuwa usahaulifu, na kwamba atarekebisha katika makala ijayo.

"Itarekebishika?" baba akaniuliza.

"Hairekebishiki."

Baba akaketi. Hakumuaga mgeni wake alipoondoka, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu yeyote.

Masika yaliyofuata nilirudi msituni, nikapata madume mengine, na safari hii sikumgawia mtu. Nikaandika makala yangu ya kwanza kuhusu maisha ya jongoo yule, anakula nini, anataga wapi. Kanuni za jarida zilitaka jina la kiumbe lifuatwe na jina la aliyelitoa. Nikaketi kwenye taipureta ya shule, nikaandika jina la ukoo wetu, na baada yake jina la yule mtu. Nililipiga herufi moja moja, kisha nikalikagua mara mbili nisije nikalikosea.